Maswali na Majibu: Ghorofa ya Jirani Ngamiani

Mwezi huu safu hii ina barua tatu tu, na zote zinahusu jengo moja. Zimetoka katika mtaa mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, zikaandikwa na watu wanaoonana kila siku, bila yeyote kujua kwamba mwenzake naye ameandika. Niliwauliza mmoja mmoja kama ningeweza kuzichapa pamoja, wakakubali kwa sharti kwamba majina yao na namba ya barabara visitajwe. Nimezifupisha kidogo, lakini maneno ni yao.

Barua ya kwanza

Assalaam alaikum. Mimi ni mama wa miaka 63, mjane, na nyumba ninayoishi aliijenga marehemu baba mkwe wangu kabla sijaolewa. Jirani yetu wa ubavuni alifariki, na sasa watoto wake wamekubaliana na mwekezaji kuivunja nyumba ya baba yao na kusimamisha ghorofa nne, chini maduka na juu vyumba vya kupangisha. Kijana anayesimamia shughuli hiyo nimemlea mimi. Alikuwa akila kwangu mama yake anapokuwa sokoni. Mwezi uliopita alikuja na karatasi yenye majina ya majirani, akaniomba nitie saini kwamba sina pingamizi. Sikutia. Tangu siku ile salamu zimepungua, mtaa umegawanyika, na nimesikia ninaitwa mpinga maendeleo. Mimi ninahofia madirisha yatakayotazama uani kwangu, msingi utakaochimbwa kando ya ukuta wangu wa zamani, na choo cha watu wote hao. Naomba kujua: nisipotia saini, ujenzi unazuilika? Je, majirani hatukustahili kuulizwa sisi kwanza kabla ya kuletwa mtu wa mbali? Na nifanye nini ili nisivunje undugu?

Jibu

Waalaikum salaam, Mama, na shikamoo. Baada ya kusoma barua yako nilikuja mtaani kwenu asubuhi moja, nawe ukanipokea, kwa sababu mambo ya kuta na mipaka hayajibiki vizuri na mtu aliyekaa mezani. Nilisimama katika kichochoro kilicho kati ya nyumba yako na ile ya marehemu, nikanyoosha mikono yote miwili, na kiganja kimoja kikagusa ukuta wao, cha pili kikagusa wako. Chini kuna mfereji mwembamba wa saruji, umepasuka mahali pawili, nao ndio unaopeleka barabarani maji ya mvua ya mapaa yote mawili. Upande wako plasta imebanduka usawa wa goti, na udongo mwekundu uliojengewa mawe unaonekana wazi. Kisha ulinipitisha ukumbini hadi uani, nikakuta mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani, kanga zimeanikwa, na mjukuu wako anaogeshwa kwenye beseni. Waliobuni nyumba ya Kiswahili walijua walichokuwa wakifanya: baraza ya mbele ni ya wageni na wapita njia, na ua wa nyuma haumhusu mtu wa nje. Anayekuita mpinga maendeleo kwa kuulinda ua huo hakukutendea haki, nami ninasema hivyo hapa kwa sababu najua atasoma.

Sasa nije kwenye karatasi. Karatasi uliyoletewa si kibali. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ninyi ni Halmashauri ya Jiji la Tanga. Saini za majirani haziilazimishi halmashauri kutoa kibali, na kukosekana kwa saini yako hakuizuii kukitoa. Kwa hiyo jibu fupi la swali lako la kwanza ni kwamba kutotia saini peke yake hakuzuii ujenzi. Lakini usidhani kwa hiyo kwamba saini yako haina thamani. Siku ukuta wako utakapopata ufa, au maji ya karo, yaani shimo la maji taka, yatakapojitokeza uani kwako, karatasi hiyo inaweza kutolewa kama ushahidi kwamba uliarifiwa na ukaridhia. Ulifanya vema kutoitia saini, na sababu ya kusema hivyo ni moja tu: ulitakiwa uridhie kitu ambacho hujakiona.

Nilikuuliza kama umeonyeshwa ramani ya jengo, ukasema hapana. Nikawauliza majirani wengine wanne, wawili waliotia saini na wawili waliokataa, nao wakasema hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa ugomvi wenu. Mtaa mzima umegawanyika juu ya jengo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeliona kwenye karatasi. Aliyekubali amekubali ghorofa iliyomo kichwani mwake, yenye maduka na taa na wapangaji wenye mishahara. Aliyekataa amekataa ghorofa nyingine, yenye madirisha na uvundo. Huenda hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayofanana na ile iliyochorwa. Kabla ya neno lolote la kukubali au kukataa, ombeni kuona ramani: ile ya msanifu, inayoonyesha umbali wa jengo kutoka kwenye mpaka, mahali pa ngazi, madirisha na karo, na ile ya mhandisi, inayoonyesha kina cha msingi. Mwombe kijana kwanza, kwa upole, maana yeye ndiye aliye karibu. Akikataa, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukiwa na barua, uulize kama maombi yamewasilishwa na yanahusu nini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na inaipa mamlaka hiyo siku 30 za kujibu. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ukiwa hapo, uliza jambo la pili ambalo watu wengi hulichanganya na la kwanza. Kibali cha ujenzi ni kitu kimoja, na matumizi ya ardhi ni kitu kingine. Hati ya kila kiwanja ina masharti, na moja ya masharti hayo ni matumizi. Kama kiwanja cha marehemu kilitolewa kwa makazi tu, basi maduka ya chini yanahitaji kibali cha kubadili matumizi, na maombi ya namna hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi. Angalieni tangazo, someni muda uliowekwa, na mwandike ndani ya muda huo. Nimeshuhudia wazee wenye hoja nzito wakizisema barazani mwaka mzima, wakazipeleka ofisini baada ya nguzo kusimama. Kuchelewa huko kuna gharama kubwa, kwa sababu anayetaka kuishtaki halmashauri kuhusu kibali ilichokwisha kukitoa anapaswa kwanza kutoa notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu. Barua ya ukurasa mmoja iliyopelekwa mapema inakuepusha na safari hiyo yote. Na barua hiyo isiseme tu kwamba hutaki ghorofa, maana ofisa hawezi kulifanyia kazi neno hilo. Iseme kwamba kichochoro kina upana wa futi kadhaa, kwamba ukuta wako ni wa mawe na udongo, kwamba mfereji ni mmoja na mapaa ni mawili, na kwamba karo lililopo lilichimbwa kwa ajili ya familia moja.

Katika hofu zako tatu, ile ya madirisha ndiyo rahisi kuiondoa, ilimradi ishughulikiwe sasa. Msanifu anaweza kupanga ngazi, stoo na vyoo upande wa kwako, na mahali panapolazimu dirisha akaliweka juu ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, au akatumia kioo kinachopitisha mwanga bila kuonyesha. Kwenye ramani mabadiliko hayo ni kazi ya siku chache. Ukuta ukishapanda, hakuna mwenye jengo atakayekubali kuziba dirisha la chumba alichokwisha kukipangisha. Sitara ya ua ni hoja halali kabisa ya kumwekea msanifu mezani, na msanifu aliyekulia Pwani ataielewa kabla hujamaliza sentensi.

Hofu ya msingi ndiyo iliyonikosesha raha mimi mwenyewe nilipokuwa katika kichochoro kile. Nyumba kama yako ina msingi mfupi, kwa sababu ilibeba kuta za chini na paa la bati tu. Jengo la ghorofa nne linahitaji nguzo na msingi wa kina zaidi. Fundi akichimba mtaro mrefu kwa mkupuo mmoja kando ya ukuta wako, anauondolea ule udongo unaoushikilia kwa ubavuni. Mvua ikinyesha mtaro ukiwa wazi, udongo uliobaki chini ya ukuta unalainika na kuporomokea mtaroni, na ukuta hufuata. Ombeni mambo haya yaandikwe: kwamba upande wa kwako utachimbwa kwa vipande vifupi, kipande kimoja kijazwe zege kabla ya kingine kufunguliwa, kwamba ukuta wako utaegemezwa kazi inapoendelea, na kwamba mtaro hautaachwa wazi kipindi cha masika. Kabla jembe la kwanza halijapigwa, pigeni picha za kila ufa uliopo sasa, ndani na nje, wewe na kijana na mjumbe mkiwa pamoja, kila picha iwe na tarehe, na nyote mtie saini kwenye orodha ya nyufa hizo. Inakulinda wewe, na inamlinda yeye pia, kwa sababu nyumba ya zamani haikosi nyufa zake na si haki alipishwe zile alizozikuta.

Ulizeni pia msimamizi wa kazi ni nani. Jengo la namna hii linataka mbunifu, mhandisi na mkandarasi waliosajiliwa na bodi zao, na bango lenye majina yao linapaswa kusimama mahali pa ujenzi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, miongoni mwao wapita njia na watoto waliokuwa karibu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine ilianguka Kariakoo na kufukia watu wengi. Sitaji haya ili kukutisha, Mama. Ninayataja kwa sababu jirani anayeuliza jina la mhandisi huambiwa kwamba ana wivu, na mimi ninataka ujue kwamba swali hilo ni la kuokoa watu, wakiwemo watakaolala ndani ya jengo lenyewe.

Kuhusu karo nitasema kwa ufupi. Idadi ya vyumba ndiyo inayoamua ukubwa wake. Ulizeni litakuwa wapi, lina ujazo gani, na gari la kunyonya maji taka litasimama wapi, maana kichochoroni haliingii. Ofisa afya wa kata ndiye wa kumshirikisha hapa.

Umeuliza kama majirani mlistahili kuulizwa kwanza. Wengi mjini kwetu wanaamini kwamba jirani ana shufaa, yaani haki ya kuuziwa kwanza kabla ya mtu wa mbali. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi hapa Pwani, shufaa ni haki ya mshirika katika mali, yaani mwenye fungu katika kitu kile kile. Jirani wa ukuta hahesabiwi humo. Na katika jambo lenu hakuna mauzo, kuna ubia. Kwa hiyo hukunyimwa haki. Ulichonyimwa ni heshima ya kuarifiwa, na hilo nalo linauma, hasa likitoka kwa mtoto aliyekula kwenye sinia yako.

Kwa swali lako la mwisho, la undugu, ushauri wangu ni kwamba umwite yeye kabla hujaenda ofisi yoyote. Usimwite barazani mbele ya watu. Mwite uani, mahali pale pale panapobishaniwa, akae kwenye mkeka kama alivyokuwa akikaa, umwonyeshe kwa kidole dirisha litakapokuwa na utakapokuwa umekaa wewe. Kisha mpe karatasi yako badala ya ile yake. Iandikwe kwamba huna pingamizi na ujenzi endapo madirisha ya upande wako yatakuwa juu ya usawa wa macho, msingi utachimbwa kwa namna mliyokubaliana, mfereji wa maji ya mvua utajengwa upya kwa gharama ya jengo jipya, na ufa wowote mpya utakaothibitishwa utarekebishwa ndani ya muda mtakaoutaja. Akitia saini hiyo, nawe tia. Akikataa, utakuwa umejua mapema unashughulika na jengo la namna gani, na ile barua ya halmashauri utaiandika ukiwa na moyo mweupe.

Barua ya pili

Ndugu mshauri, nina duka la rejareja na mke wangu anapika vitafunwa vya asubuhi. Mtaani kwetu panatarajiwa kujengwa ghorofa na mimi ni miongoni mwa waliotia saini ya kukubali. Tuko nyumba 14 na nyumba 11 zimekubali. Mji unabadilika, bomba la mafuta linakuja, bandari imepanuliwa, watu wanatafuta vyumba, na sisi Ngamiani tumebaki na mabati yale yale. Vijana wangu wawili wamekaa bure. Leo wachache wanataka kuzuia riziki ya wengi, na mimi nimeambiwa usoni kwamba nimehongwa. Sijahongwa hata soda. Je, wengi tuliokubali hatuna nguvu kuliko watatu waliokataa? Tunataka kuwapeleka Baraza la Kata ili lituamulie jambo hili liishe.

Jibu

Ndugu yangu, ninakuamini kwamba hukuhongwa, na aliyekwambia maneno hayo bila ushahidi amekukosea. Haja yako naielewa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kilomita chache tu kutoka dukani kwako, na mtu anayefungua duka saa 11 alfajiri ana haki ya kutamani wateja wapya wakae mbele ya mlango wake. Mji uliotangulia kupata reli, kwa kuwa ya Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na ambao baadaye ulijaa viwanda, haupaswi kuambiwa kwamba ghorofa nne ni anasa.

Hata hivyo hesabu yako ya 11 kwa 3 haikusaidii, kwa sababu jambo hili haliamuliwi kwa kura. Kama nyumba 13 zingekataa na jengo likawa linatimiza masharti yote, lingeweza kupewa kibali. Na kama zote 14 zingekubali na msingi ukawa mbovu, lingepaswa kunyimwa. Zaidi ya hayo, madhara hayagawanywi sawa. Nyumba yako iko ng'ambo ya barabara. Utapata wateja, utapata vumbi la miezi kadhaa, basi. Mama wa ubavuni ndiye mwenye ukuta unaopakana na shimo. Mtu mmoja aliye karibu na hatari asihesabiwe sawa na mmoja aliye mbali nayo, na nadhani ungesema vivyo hivyo kama shimo lingekuwa upande wa stoo yako ya unga.

Kuhusu Baraza la Kata, sheria imebadilika na wengi bado hawajasikia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayatoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza lina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo, na anayedai haki katika ardhi anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila cheti hicho. Kwa hiyo mkienda pale mkitarajia kuwashinda wale watatu, mtarudi mikono mitupu. Mkienda mkitarajia kukaa nao meza moja mbele ya watu wazima wanaoufahamu mtaa, mnaweza kupata kitu kikubwa kuliko hukumu, na mimi ningependa mwende kwa nia hiyo.

Nina ombi kwako ambalo sikumwomba mwingine. Wewe ndiye unayefaa kuliko wote kuomba ramani ya jengo. Akiomba mama wa ubavuni, anaonekana anatafuta sababu ya kukataa. Ukiomba wewe, uliyekwisha kukubali, hakuna wa kukushuku. Nenda kwa wenye jengo, waambie unaliunga mkono na ndiyo maana unataka kuona. Uliza malori ya mchanga na nondo yatashushia wapi mzigo, kwa kuwa mlango wa duka lako uko pale pale. Uliza zege la slabu litamwagwa mchana au usiku. Uliza tangi la maji litakaa wapi na litajazwa kutoka bomba lipi, kwa maana presha ya maji ya mtaa ni ile ile na wachotaji wataongezeka. Uliza kama michoro imepita kwa Zimamoto, na watu wa ghorofa ya nne watashukia ngazi ipi moto ukizuka dukani chini. Kuhusu ajira ya vijana wako, mwombe mkandarasi ahadi iliyo wazi ya kuchukua vibarua wa mtaani. Maneno ya jumla kuhusu fursa hayalipi mtu mwisho wa wiki. Majibu utakayoyapata yasomee hadharani, siku ya mkutano wa mtaa, mwenyekiti na mtendaji wakiwepo, na wale watatu wakiwa wamealikwa kwa majina.

Jambo jingine dogo. Umeandika kwamba wachache wanazuia riziki. Mpaka leo hakuna aliyezuia chochote. Watatu wamekataa tu kutia saini. Nakuomba uyapunguze makali maneno hayo unapozungumza dukani, kwa sababu wateja huyabeba na yakifika upande wa pili wa barabara yanakuwa yameongezeka chumvi.

Barua ya tatu

Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, kijana wa miaka 34. Nimepanga chumba cha mbele katika nyumba itakayovunjwa, na baraza yake ndiyo ninayoshonea. Nililipa kodi ya miezi sita na miezi miwili tu imepita. Nimeambiwa kwa mdomo nihame mwisho wa mwezi huu, na kwamba jengo likiisha nitapewa fremu ya duka. Majirani wanagombana juu ya ghorofa lakini hakuna anayeniuliza mimi. Nina mkataba wa karatasi moja uliosainiwa na marehemu mzee. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Mkataba wako haukufa pamoja na mzee. Wanaorithi nyumba huirithi pamoja na mikataba iliyomo, na kodi uliyoilipa kwa miezi sita inakupa haki ya kukaa miezi sita, isipokuwa kama karatasi yenyewe ina kipengele kinachoruhusu kuikatiza. Isome tena kwa makini, kila mstari. Hata mpangaji wa mwezi kwa mwezi, asiye na mkataba wa muda maalumu, anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Neno lililosemwa barazani halitoshi.

Kwanza ulizia ni nani aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kwa maana yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuzungumza nawe kuhusu nyumba ya marehemu; kaka mkubwa si msimamizi kwa sababu ya umri wake. Umwandikie kwamba uko tayari kuzungumza juu ya kuondoka mapema, kwa masharti kwamba utarudishiwa kodi ya miezi iliyobaki na kupewa muda wa kutosha kutafuta baraza nyingine iliyo kwenye njia ya watu. Kazi yako inategemea kuonekana, na nguo za wateja zilizopo kwako sasa hazitashonwa ukiwa unahamahama.

Ahadi ya fremu usiihesabu mpaka iandikwe. Iandikwe ukubwa wake, iko upande gani wa jengo, kodi yake kwa mwezi, na muda watakaokuwekea kabla ya kumpa mwingine. Maduka mapya huwa na kodi mpya, na ni bora ujue sasa kama utaimudu kuliko kuisubiri miaka miwili ukiwa umeegesha cherehani yako kwa shemeji. Mwekezaji naye atie saini, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa na ufunguo.

Nimemwambia mama wa ubavuni, na nimemwambia mwenye duka, kwamba siku ya mkutano wa mtaa nawe uwepo. Wote wawili wamekubali, na mama amesema kanzu ya mjukuu wake bado iko kwako. Barua ya msimamizi wa mirathi iandike wiki hii, nakala moja ibaki kwako ikiwa na tarehe na saini ya aliyeipokea.